Namba 417 Haijauliza

Mkwe wake alikuwa na mimba ya wiki saba, na mimba hiyo ilikuwa njiani kutoka. Andongwisye Mwaijande aliyajua yote mawili saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na hakuwa na ruhusa ya kumwambia mtu yeyote.

Aliyajua kwa sababu kujua ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa shanga katika zahanati ya Itebela, juu kidogo ya Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Kila mwanamke wa kata ile aliyekubali alikuwa amewekewa ushanga mmoja chini ya ngozi ya shingo, mdogo kama punje ya mtama. Ushanga ulionja damu kila saa na kupeleka hesabu, na mahali ulipo, kwenye kioo cha Andongwisye. Kioo hakikuonyesha majina. Kilionyesha namba, na mbele ya namba maneno ya aina mbili tu: IMEULIZA au HAIJAULIZA.

Namba 417 ilikuwa haijauliza.

Hakuna aliyemwambia kuwa 417 ni nani. Lakini ushanga unaolala kila siku ndani ya boma lako mwenyewe, hatua sitini kutoka kitandani kwako, hauhitaji kuandikwa jina.

Mambo yenyewe ni haya, kwa lugha ya fundi. Tezi ya shingo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Mwili nao una askari wake, na kazi yao ni kuua wadudu wa maradhi. Kwa baadhi ya watu, wengi wao wanawake, askari hao hukosea nyumba. Huiona tezi kama adui, huitengenezea silaha ambazo madaktari huziita kingamwili, na kuipiga kidogo kidogo kwa miaka. Mtu anaweza kuishi hivyo asijue, akadhani ni uchovu tu na baridi ya huku juu. Taabu huja akishika mimba. Mtoto wa wiki za mwanzo hana tezi yake, anakunywa kwa mama, na tezi iliyokwisha kupigwa haina cha kuwatosha wawili. Hata pale inapotosha, vita yenyewe inaonekana kuichafua mimba kwa njia ambayo hakuna anayeijua vizuri, na anayedai anaijua ujue anauza kitu.

Ushanga ulibeba dawa ndani yake. Ya kuisaidia tezi, na ya kuwatuliza askari. Lakini ulifunguka kwa neno la mwenye shingo tu. Ilibidi aje zahanati, asimame mbele ya mtambo, aulize kwa sauti yake mwenyewe: Nina nini? Hapo mtambo humjibu, na akisema fungua, ushanga hufunguka.

Sheria hiyo waliitunga wanawake wenyewe. Miaka ya mwanzo shanga zilikuwa zinasema ovyo. Mama wakwe walikuja dirishani na vichane vya ndizi kumuuliza fundi nani kashika na nani katoa. Mume mmoja alijua mimba ya mkewe kabla ya mkewe, akahesabu miezi aliyokuwa safarini, akamvunja taya. Na huku tangu zamani mimba haitamkwi mpaka ijionyeshe yenyewe. Anayeitamka mapema ni kama anaiitia balaa. Basi wanawake walijaa mkutano wa kata wakasema: ushanga usiseme mpaka uulizwe. Andongwisye alisimama siku hiyo akawaunga mkono. Walimpigia makofi, na makofi yale aliyapenda.

Sasa kioo kiliandika hivi: katika wanawake kumi wenye hesabu kama hizi, wakifunguliwa ndani ya siku kumi, saba huzaa. Wasipofunguliwa, watatu.

"Nesi," aliita. "Njoo uone hapa."

Nesi Luseko alikuja anapangusa mikono kwa aproni. Alikuwa mwanamke mnene aliyecheka kwa urahisi, na ndiye aliyeendesha zahanati ile, hata kama ubao wa mlangoni ulikuwa na jina la daktari ambaye hakuna aliyekuwa amemwona tangu Pasaka.

"Mia nne kumi na saba," alisoma. "Amechafuka huyu. Ni nani?"

"Hujui?"

"Sitaki kujua. Na wewe hutakiwi ujue."

"Analala kwangu, Luseko."

Nesi aliacha kupangusa mikono. "Yesu wangu. Subilaga?"

"Mimi sijataja jina."

"Hii ni ya tatu."

"Ya tatu."

Mvua ilipiga bati.

"Mwite," alisema Andongwisye. "Mwambie kuna chanjo."

"Nimwite yeye peke yake, katika wanawake mia sita? Kabla hajafika getini kijiji kizima kitajua kwa nini. Umesahau kata ya jirani? Fundi wao alimnong'oneza dada yake mmoja tu, tena kwa wema. Wiki ile ile wanawake mia moja na ishirini wakatoa shanga. Wengine walizikata kwa wembe. Unajua nilishona shingo ngapi mimi?"

"Najua."

"Hapa siwezi. Lakini nyumbani kwako zahanati haifiki. Nenda ukaseme na mkweo kama baba."

"Kama baba!" Andongwisye alicheka, na kicheko hakikuwa na kitu ndani. "Luseko, wewe si wa huku. Yule binti sijawahi kumwona uso."

Ilikuwa kweli. Katika ukoo wa kina Mwaijande mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hawasemeshani, hawapishani njia moja, hawali chumba kimoja. Baba akikaribia uani hukohoa, na binti akisikia kikohozi hujificha. Mtoto wa kwanza akizaliwa ndipo mambo hulegea: mzee huletewa mjukuu mikononi, na siku hiyo humwona mama yake. Vijana wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo. Subilaga hakuiacha. Alilelewa na bibi, na heshima aliyofundishwa hakuipunguza hata robo.

Miaka mitatu Andongwisye alikuwa amemjua kwa visigino vinavyopotea migombani, kwa pindo la kitenge, kwa maziwa ya mgando aliyoyakuta yamefunikwa mezani. Na kwa namba. Alijua mapigo ya moyo wake, joto lake, siku zake, saa alizolala na saa alizokosa usingizi. Hakujua kama anatembea na tabasamu au na ndita.

Mke wake angekuwapo angemsemesha, lakini alikuwa amekufa mwaka wa pili tangu Subilaga aolewe. Mwanawe Gwamaka, mume wa Subilaga, alikuwa kwenye kituo cha umeme wa mvuke mlimani, akirudi mara moja kwa mwezi. Na kumwambia mume ndilo kosa lenyewe ambalo sheria ilitungiwa. Akabaki dada yake.

*

Tupokigwe alikuja Jumamosi na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Alikuwa amemzidi Andongwisye miaka kumi na moja na hakuacha kumkumbusha.

"Dada, nataka unisemee na mkwe."

"Kafanya nini? Kazidisha chumvi?"

"Hajafanya kitu. Mwambie aende zahanati akaulize ushanga wake."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu."

Tupokigwe alimkazia macho. "Andongwisye. Mtoto ana mimba?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Sasa mimi nitasemaje ambalo wewe hujasema? Nimwambie baba mkwe wako anauliza habari za tumbo lako? Si atatafuta kamba yule!"

"Usiseme tumbo. Sema ushanga."

"Usinifundishe kusema. Mimi nimeolewa wewe hujaota hata ndevu."

Akaenda jikoni. Andongwisye alikaa nyuma ya nyumba, juu ya gogo, ukuta ukiwa kati yao, na akasikia kila neno.

"Mkwe, huo ushanga wako haukuwashi?"

"Hauniwashi, shangazi." Sauti ilikuwa nyembamba, ya chini.

"Wala kuuma hauumi?"

"Hauumi."

"Watu wanasema ni vizuri kwenda kuuangalia angalia."

"Ni kweli, shangazi. Nitaenda siku moja."

"Baba yako ndiye aliyeniuliza."

Kisha ile sauti, chini zaidi: "Mwambie baba nashukuru kwa kuniulizia. Sijambo."

"Basi vizuri, mwanangu. Haya maharage umeyatoa wapi? Yangu yameoza yote kwa mvua."

Walizungumza maharage kwa nusu saa. Tupokigwe aliporudi alikuwa ameridhika.

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini, dada? Umemwambia maharage!"

"Nimeuliza, amesema hauwashi. Ulitaka nimkabe? Yule mtoto ana adabu, amepiga magoti muda wote kwenye udongo. Sasa akishasema sijambo mimi nitasema nini, kwamba una jambo?"

Andongwisye alijua kwa nini Subilaga haulizi. Mimba ya kwanza ilitoka kabla hajawekewa ushanga. Ya pili aliiuliza, akajibiwa, akaifungulia, nayo ikatoka vilevile, maana alikuwa amechelewa. Anayeuliza atasikia. Binti alikuwa ameamua asisikie mpaka tumbo liseme lenyewe.

Jumatatu mchana, nesi alipokwenda kula, Andongwisye alifungua droo akatoa ufunguo wa fundi. Ufunguo huo ulikuwa wa kujaribia shanga mpya, na uliweza kufungua ushanga wowote katika kata bila neno la mtu. Aliuchomeka. Kioo kikauliza: FUNGUA 417? Kidole kimoja tu kilihitajika. Dawa ingeingia damuni huku Subilaga akimenya ndizi, na asingejua maisha yake yote. Angezaa, angemshukuru Mungu.

Aliiweka mikono mapajani akakitazama kioo mpaka kikajizima. Kumtia mtu dawa mwilini mwake naye hajui: hilo ndilo alilosimama mkutanoni kulikataa mbele ya watu. Alijiambia ni kwa ajili ya wale wanawake mia sita. Labda ilikuwa hivyo. Labda pia aliogopa kupoteza kazi. Alichomoa ufunguo akaurudisha ndani.

*

Nesi Luseko ndiye aliyepata njia. Alitangaza kanisani na msikitini na sokoni kwamba Jumatano wenye shanga wote waje kukaguliwa, wote, wenye mimba na wasio na mimba, vikongwe na wasichana. Katika umati hakuna atakayejulikana. Kila mmoja akifika atasimama mbele ya mtambo na kuuliza, kwa kuwa ndiyo foleni ilivyo.

"Ila wewe uondoke," alimwambia fundi. "Akikusikia uko hapa hatokanyaga."

"Nitapanda kwenye mnara wa antena tangu asubuhi."

Lakini Jumanne radi ilipiga betri ya mtambo. Jumatano asubuhi mtambo ulikuwa unazimika kila baada ya robo saa, na bila mkono wa fundi kuuwasha upya hakuna ushanga ambao ungesikia neno. Wanawake walishaanza kufika, wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, wanataniana kuhusu shingo zao. Andongwisye akaingia chumba cha nyuma, kwenye swichi, akafunga mlango. Alichukua na kioo kidogo cha mkononi ili aone foleni.

Saa tano na nusu, 417 ilitoka bomani kwake.

Aliiona ikija. Hatua elfu moja na mia mbili. Mia nane. Moyo wake ulikuwa unakwenda haraka, wa binti. Wa mzee pia. Mia tatu. Ilisimama kidogo, pengine kumpisha ng'ombe, ikaendelea. Mia moja. Sitini. Arobaini.

Ilisimama tena.

Andongwisye alingoja. Akatazama chini, akaona miguu yake iko na soksi. Mabuti yake ya mpira, yenye kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli, alikuwa ameyavua mlango wa mbele kwa kuwa Luseko hapendi tope. Kata nzima iliyajua mabuti yale.

Namba ilianza kurudi. Arobaini na tano. Hamsini.

Alifungua mlango wa nyuma akatoka mbio na soksi kwenye tope. Aliuona mgongo, kitenge cha kijani, kichwa kimeinama, unaelekea njia ya migombani. Ulikuwa karibu vya kutosha kuitwa. Alifungua mdomo. Jina lake hakuwa amelitamka mbele yake hata siku moja, na kinywa kikakosa pa kuanzia, na kabla hajajua anachofanya, koo lake lilifanya kile lililokuwa limefanya kila siku kwa miaka mitatu alipomkaribia.

Alikohoa.

Subilaga alisikia. Hakugeuka. Aliokota pindo la kitenge akakimbilia migombani, kama alivyofunzwa, kwa adabu.

Ndani, mtambo ulizimika, na wanawake wakaanza kumwita fundi.

*

Ilikuwa Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hesabu za 417 zilianguka zote pamoja. Nesi Luseko alizisoma juu ya bega la fundi, akachukua mkoba, akatoka bila kumtazama. Andongwisye alibaki kwenye kiti. Baba mkwe haruhusiwi kwenye nyumba yenye mambo kama yale.

Siku ya sita baada ya hapo, saa sita mchana, mtu aliingia chumba cha mtambo bila kubisha. Aliteremsha khanga kutoka kichwani mpaka mabegani, akasimama.

Alikuwa na uso mdogo, mweusi, wenye kovu la kuungua kwenye kidevu. Alionekana mtoto kuliko sauti yake.

"Shikamoo, baba."

Andongwisye alisahau kuitikia.

"Nimekuja kuuliza," alisema Subilaga. Akausogelea mtambo. "Nilikuwa na nini?"

Kioo kilibadilika. IMEULIZA. Sheria ilisema akiuliza, asomewe yote, kwa tarehe.

"Nesi atakusomea, mwanangu."

"Soma wewe."

Akasoma. Jumatano, wiki saba kamili, kingamwili zimepanda mara nne. Alhamisi, zimepanda. Ijumaa, tezi imeshuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya vipuri, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine.

"Hiyo Jumatano wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Shangazi alipokuja na habari za kuwashwa?"

"Nilimtuma mimi."

"Siku ya foleni?"

"Nilikuwa chumba kile. Nilikuona mpaka hatua arobaini."

"Ukakohoa."

"Nikakohoa."

"Nikakupisha," alisema Subilaga. "Nilidhani unataka kupita."

Nje mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto anywe dawa.

"Ungeniita, baba, ningesimama. Ningeona haya ya kufa mtu, lakini ningesimama."

"Ilikuwa siri yako. Sheria ilisema niitunze."

"Ukaitunza nisiijue mimi?"

Andongwisye alijaribu. "Hata ungefunguliwa, huenda isingesaidia. Ni saba katika kumi. Watatu huwa wanapoteza tu."

"Basi ningekuwa mmoja wa hao watatu, nilale nikijua nilipigana." Alifuta uso kwa kiganja, haraka, kama anayefuta jasho. "Sasa sijui niko kwa wale saba au kwa wale watatu. Hilo nitakaa nalo mimi, si sheria."

Kisha akamwita nesi aje amtoe ushanga. Luseko alimtoa pale pale kwa ganzi na mshono mmoja. Subilaga alikaa wima mpaka mwisho. Mshono ulipokwisha alipiga goti moja mbele ya baba mkwe wake, akaaga, akaondoka kwa mlango wa mbele.

Hakumsema vibaya kwa mtu. Bombani alipoulizwa kwa nini ana bandeji shingoni, alieleza kilichotokea, basi. Wanawake wakasikiliza, wakaulizana: kama kitu kinajua na kinanyamaza, cha nini shingoni? Wakaanza kuja zahanati, wawili wawili, kisha kwa makundi. Hakuna aliyepiga kelele. Nesi alishona mpaka uzi ukamwishia.

Hesabu ya Andongwisye ilikuwa hivi. Siku alizojua bila kusema: kumi na tatu. Hatua zilizobaki: arobaini. Mimba: moja, ya wiki nane na siku sita, ya tatu kwa mama yake. Mtoto wa kiume: mmoja, Gwamaka, ambaye alishuka kutoka kituo cha mvuke, akambebea mkewe mizigo hadi kwa yule bibi aliyemlea, akabaki huko, na simu za baba yake hapokei. Shanga zilizotolewa hadi Ijumaa: mia mbili na kumi na mbili. Luseko alizikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, na Andongwisye akazisoma moja moja kabla ya kuzizima, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Tisa zilikuwa za wenye mimba. Katika hizo tisa, sita zilikuwa hazijauliza.